Mshauri Nasaha Afundishwe na Nani?



Naomba tumkalishe mtu mmoja kwenye kiti tumtazame. Ni mama niliyemtunga mimi kwa ajili ya mazungumzo haya, ila ukikaa Tandale, Kawangware au Majengo utadhani ni jirani yako. Asubuhi anauza vitumbua. Miezi kadhaa sasa usingizi haumjii, na akiupata, ndoto mbaya zinamwamsha. Kichwa kinamgonga, chakula hakipiti. Alichukua mkopo wa laki tano, ule wa marejesho ya kila siku ambao mtaani wanauita kausha damu, na juzi wamekuja kubeba friji. Anameza dawa za kufubaza VVU kwa siri, mumewe hajui. Binti yake wa darasa la sita amegoma kwenda shule na hasemi kwa nini. Nesi wa zahanati amemwambia, mama, wewe nenda kwa mshauri nasaha, mlango wa mwisho pale.

Huyo mshauri nasaha wa mlango wa mwisho amefundishwa nini, na amefundishwa na nani? Hilo ndilo nataka tuliongee leo.

Kwa kawaida amefundishwa saikolojia. Amefundishwa kusikiliza bila kukatiza, kutomhukumu mteja, kutunza siri, kuuliza maswali yanayomfungua mtu badala ya kumfunga. Hayo ni mambo makubwa na sitaki msikilizaji adhani nayadharau. Mtu asiyejua kusikiliza hata ukimpa shahada tatu hafai kukaa kwenye chumba kile. Lakini tazama mzigo aliokuja nao yule mama. Ndani yake kuna dawa, kuna deni, kuna ndoa, kuna mtoto, na huenda kuna jinai. Mshauri aliyesoma somo moja atashika kipande kimoja, kile alichokizoea. Atamfundisha mama kuvuta pumzi polepole na kupumzisha mabega. Mama atatoka amepumua vizuri, na kesho alfajiri mkusanya marejesho atagonga mlango.

Maoni yangu nayasema mapema ili tusipotezane njiani: mshauri nasaha anatakiwa alelewe na fani nyingi, na alelewe nazo zikiwa zimekaa pamoja. Sisemi aongezewe masomo kumi kwenye ratiba. Nasema daktari, mwanasheria, ofisa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia na mzee wa mtaa wamfundishe wakiwa chumba kimoja, wakimtazama mtu mmoja, wakibishana mbele ya wanafunzi.

Wapo watakaosema hili ni jambo geni kwetu. Historia ya unasihi hapa Afrika Mashariki inasema vinginevyo. Kazi hii ilipanuka miaka ya 1980, UKIMWI ulipotuingilia na hospitali zikabaki hazina cha kumpa mgonjwa. Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO baada ya mumewe Kaleeba kufariki kwa UKIMWI. Kaleeba hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa kuwanyoosha watu viungo na kuwarudisha kwenye kutembea. Alioanza nao walikuwa watu wa kazi mbalimbali, na wengi wao walikuwa wenyewe wanaishi na virusi. Huku Tanzania, mwaka 1989, WAMATA ilianzishwa na Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii. Watu hawa waliona mgonjwa anahitaji dawa, chakula, mtu wa kumsikiliza, ada ya mtoto, na mtu wa kumsaidia kuandika wosia kabla ndugu wa mume hawajaja kufungasha vyombo. Wakajifunza yote hayo kwa sababu mgonjwa alikuwa mbele yao. Mengi tunayoyafundisha leo chini ya jina la unasihi yalipata umbo hapa kwetu mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Hata huko Marekani, Carl Rogers, ambaye kila mwanafunzi wa unasihi anakutana na jina lake wiki ya kwanza, aliingia chuo kikuu kusomea kilimo, akahamia historia, akakaa miaka miwili kwenye chuo cha theolojia New York, ndipo akavuka barabara kwenda kusomea saikolojia. Yule anayetufundisha kumpokea mteja kama alivyo alikuwa amepita shambani na kanisani.

Halafu fani ikakua, ikapata vyeti, ikapata sheria. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, ikaunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia. Nafurahia jambo hilo kwa moyo wote, maana kabla ya hapo yeyote aliyekuwa na meza na viti viwili aliweza kutundika kibao. Ila fani inapojenga ukuta wa kuwazuia matapeli, ukuta huohuo huwazuia na jirani wema. Vyuo vinaanza kuhesabu saa za saikolojia tu. Mwalimu wa sheria akija anakuja mara moja, mwisho wa muhula, anasoma vifungu, anaondoka. Daktari haji kabisa.

Sasa nikupeleke Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, maana yaliyofanyika kule yananipa ushahidi ninaouhitaji. Watafiti walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo katika vikundi inaweza kupunguza sonona kijijini, mahali ambapo UKIMWI ulikuwa umezika watu wengi. Tiba waliyoichagua inaangalia uhusiano wa mtu na watu wake: amefiwa na nani, amegombana na nani, maisha yake yamegeuka wapi. Tiba hiyo yenyewe ilibuniwa na Gerald Klerman, daktari wa magonjwa ya akili, na mkewe Myrna Weissman, ambaye alianza kwa kusomea ustawi wa jamii kabla ya kwenda kwenye elimu ya kuenea kwa magonjwa. Kwa hiyo tangu kuzaliwa ilikuwa na damu ya fani zaidi ya moja.

Kilichonivutia zaidi ni walivyoanza. Hawakuingia na dodoso la ng'ambo mkononi. Waliwauliza wanavijiji kwa Kiganda, maradhi haya yamewaletea shida gani, mkizieleza kwa maneno yenu. Hiyo ni kazi ya anthropolojia, na waliifanya kabla ya kumfundisha mtu yeyote kuongoza kikundi. Kisha wakawachukua wenyeji ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, wakawapa mafunzo ya wiki mbili.

Na kwenye mafunzo hayo mwalimu naye akafundishwa. Kitabu cha tiba hiyo kinamwelekeza mtu aliyeudhiwa amwambie mwenzake waziwazi: hili ulilonitendea limeniumiza. Wale Waganda wakaeleza kwamba kwao mke hamkabili mumewe hivyo. Akikasirika anaweza kupika chakula kibaya, na mume akionja anaelewa. Msikilizaji wa pwani hapo huhitaji maelezo. Mwanamke wa Mombasa au Unguja anaweza kupita ukumbini amejifunga kanga yenye maneno ya fumbo, hajatamka neno, na nyumba nzima ikajua nani amesemwa na kwa kosa gani. Mshauri aliyelelewa na kitabu peke yake atamwambia mwanamke huyu aseme na mumewe ana kwa ana, na huenda akampeleka kwenye kipigo. Mshauri aliyekaa na wenyeji atamuuliza: kwenu mtu akiudhika, anajulishaje? Wataanzia hapo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Vijiji vilikuwa 30. Katika vijiji vilivyopata vikundi, watu waliokuwa na sonona walikuwa asilimia 86 mwanzoni, na baada ya wiki 16 wakabaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata, walitoka asilimia 94 hadi 54.7. Mimi nikiziona takwimu hizo nafikiria zaidi ile meza ya mafunzo ambapo mwanasaikolojia alikubali kurekebishwa na mtu anayejua chungu kinavyosema.

Huku kwetu Moshi, na Bungoma kwa jirani zetu wa Kenya, ulifanyika utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2020. Watoto yatima 640 waligawanywa, wengine wakapata tiba ya vikundi kwa msaada wa wenyeji waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Bungoma nafuu ilionekana na ikadumu hata baada ya mwaka. Moshi, baada ya mwaka, watoto waliopata tiba na wasiopata walikuwa wanakaribiana. Kwa nini? Swali hilo mwanasaikolojia hawezi kulijibu akiwa peke yake. Linahitaji mtu anayejua ukoo wa Kilimanjaro unavyompokea mtoto aliyefiwa, anayejua nani analipa ada, shule iko umbali gani, bibi anapata wapi hela ya sabuni. Ndiyo maana nasisitiza fani zikae pamoja. Hata kusoma matokeo ya kazi yako mwenyewe unahitaji macho ya wenzako.

Tuje kwenye dawa, maana hapa watu wanaumia kimyakimya. Yule mama ana ndoto mbaya na hapati usingizi. Mwanafunzi wa unasihi aliyesoma habari za kiwewe atarukia hapohapo: huyu amepatwa na jambo la kutisha. Huenda ni kweli. Lakini kwa miaka mingi watu wanaoishi na VVU walikuwa wakimeza efavirenz, dawa inayojulikana kwa kuleta ndoto kali, kizunguzungu, na kwa baadhi huzuni nzito. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza dolutegravir kuwa dawa ya kuanzia, na nchi zetu zimehamia huko. Nayo kwa baadhi ya watu hukatisha usingizi. Mshauri asiyelijua hilo anaweza kukaa na mteja wiki nyingi akichimba utoto wake, kumbe pengine kulihitajika kuuliza anameza kidonge saa ngapi na kumrudisha kliniki. Upungufu wa damu unamchosha mtu na kumwondolea hamu ya kila kitu. Tezi ya shingo ikilala inafanya vivyo hivyo. Simwambii mshauri awe daktari na aandike dawa, hiyo itakuwa hatari nyingine. Nasema ajue vya kutosha kushtuka, na ajue jina la mtu wa kumpigia.

Sheria nayo hivyohivyo. Msikilizaji, chukua yule binti wa darasa la sita. Tuseme Ijumaa moja anafunguka kwa mshauri kwamba jana jioni kuna mtu mzima amemfanyia ukatili wa kingono. Saa zinahesabiwa kuanzia hapo. Dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Kumwogesha mtoto na kufua nguo zake, jambo ambalo mama yeyote angelifanya kwa mapenzi, kunaweza kufuta ushahidi. Kwa Tanzania kuna fomu ya polisi namba 3, PF3, inayobeba maelezo ya daktari hadi mahakamani, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mshauri ambaye hakufundishwa hayo atamkumbatia mtoto, atamwambia nenda nyumbani ukapumzike, njoo Jumatatu tuendelee. Jumatatu saa 72 zimepita.

Vipo Vituo vya Mkono kwa Mkono, Bara na Zanzibar, ambapo daktari, polisi, ofisa ustawi na mshauri wanakuwa chini ya paa moja. Ni wazo zuri kuliko mengi tuliyoyapata katika huduma zetu. Lakini watu hao wanne walisoma vyuo vinne, na siku ya kwanza kukutana ni siku mtoto analia mbele yao. Askari anataka tarehe na jina la mtuhumiwa. Daktari anataka kumpima. Ofisa ustawi anataka kujua kama nyumbani ni salama. Mshauri anataka mtoto atulie kwanza. Kila mmoja yuko sahihi kwa jinsi alivyofundishwa. Mtoto anasimulia lile jambo mara nne, na kila mara analiishi upya. Laiti wangefundishwa pamoja, wangekuwa wameshakubaliana zamani nani anauliza, wengine wanasikiliza wapi, na maswali gani yasirudiwe.

Na kuna mahali sheria inagusana na roho ya mtu moja kwa moja. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka katiba. Tanzania, jaribio la kujiua limo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Sasa fikiria mtu amelazwa wodini baada ya kunywa sumu, na mshauri anaingia. Mgonjwa anaogopa pingu. Mshauri akijibu swali lake kwa kubabaika, mazungumzo yamekufa. Akijua sheria inasemaje, na kwa kawaida polisi na hospitali za eneo lake wanafanyaje, anaweza kumwambia ukweli uliotulia. Mtu aliyekata tamaa anahitaji ukweli wa namna hiyo kuliko maneno matamu.

Kuna fani moja ambayo vyuo huitaja kwa haya: elimu ya wazee wetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwenye mabaraza hayo wanakaa masheikh, wachungaji, wazee wa kata. Kule pwani kuna somo na kungwi, ambao msichana huwaambia mambo asiyoweza kumwambia mama yake. Wapo wanaofanya kazi hii kwa busara kubwa, na wapo wanaomrudisha mwanamke kwa mume anayempiga eti avumilie. Kwa sababu hizo zote mbili nataka wakae darasani na wanafunzi wa unasihi. Mwanafunzi atajifunza namna mzee anavyomfikia mtu kwa methali na kimya. Mzee atajifunza dalili za kipigo kitakachoishia kwenye mauaji.

Zimbabwe wamefanya jambo karibu na hilo. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 Mbare, Harare, na bibi 14, wanaokaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Katika mazungumzo yake ya hadharani ameeleza kwamba alisukumwa na kifo cha mgonjwa wake kijana aliyejiua, ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi kumleta hospitali. Nauli ya basi! Ukiitafuta kwenye vitabu vya tiba ya akili huioni, na ilikuwa ndiyo iliyosimama kati ya binti yule na daktari wake. Mwaka 2016 utafiti wa zahanati 24 ulionyesha kwamba waliokaa na washauri wale wa jamii walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hata Zanzibar.

Nazisikia hoja za wapinzani na nyingine ni nzito. Wanasema ukimwekea mwanafunzi fani zote hizi atajua kidogo kuhusu kila kitu na hatakuwa bingwa wa chochote. Najibu kwamba bingwa wa kusikiliza ni lazima awe, hapo hakuna punguzo. Kuhusu fani nyingine, anatakiwa ajue mpaka wake uko wapi na nani anasimama upande wa pili. Asiyewahi kukaa na mwanasheria hajui lini shauri limemshinda. Anaendelea nalo tu.

Hoja ya usiri inanisumbua zaidi, na sina haraka ya kuimaliza. Fani zikikaa pamoja, maneno ya mteja yanasikika na masikio mengi. Askari ana wajibu wa kuchukua hatua, mshauri ana wajibu wa kunyamaza. Yule mama amesema mumewe hajui kuhusu dawa, je, nesi, ofisa ustawi na mtu wa msaada wa kisheria wote wajue? Naona jibu ni mteja aulizwe kila mara, kwa lugha anayoielewa, nani aambiwe na aambiwe nini, isipokuwa pale mtoto au uhai uko hatarini, na hilo pia aelezwe tangu kikao cha kwanza. Lakini kulitenda hilo saa tisa mchana kwenye zahanati yenye foleni ni kazi ya kufanyiwa mazoezi, na mazoezi yake yanafaa kufanywa na wale wale utakaoshirikiana nao kazini.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilieleza mafunzo ya aina hii kuwa ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja nao. Vyuo vyetu wala havihitaji majengo mapya kwa hilo. Mji wenye chuo cha uuguzi, kitivo cha sheria na idara ya ustawi wa jamii unaweza kutenga mchana mmoja kwa wiki, shauri moja mezani, majina yakiwa yamefichwa, wanafunzi wa fani zote wakae. Kinachokosekana ni mkuu wa idara kukubali kwamba saa zake zitumike na mwalimu wa idara nyingine, na serikali kulipa usimamizi elekezi baada ya mafunzo. Hili la usimamizi nalisema kwa uchungu, maana tunamfundisha kijana, tunampa cheti, tunamtupa peke yake kwenye chumba cha mwisho cha zahanati na vilio vya kata nzima, halafu tunashangaa akichoka baada ya mwaka.

Kwa hiyo mzazi, kama mwanao amekuambia anataka kusomea unasihi, kabla hujauza mbuzi nendeni wote mpaka chuoni. Mkaulize nani atamfundisha kuhusu dawa, nani kuhusu sheria ya mtoto na mikopo, mafunzo kwa vitendo atayafanyia wapi na pamoja na wanafunzi wa kozi gani, na akishahitimu nani atakaa naye kila wiki kuyapitia mashauri yake. Wakikuonyesha orodha ya vitabu badala ya watu, ulizeni tena.